Mtoto wa miezi mitano, ulimi hauingii kinywani. Waliopitia naomba mnijuze

Mama Kichanga, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nina mtoto wa kiume wa miezi mitano, wa tatu kwangu. Wakubwa zake wawili hawakuwa na tatizo lolote. Huyu alizaliwa na kilo 4.7 na mkunga alistaajabu, maana mimba ilikuwa bado haijatimia. Tangu anatoka, ulimi uko nje. Hautoi kwa kucheza kama wafanyavyo watoto, haupati nafasi tu: ni mnene, mpana, umejaa kinywa kizima na ncha yake imelala juu ya mdomo wa chini mchana na usiku. Kwenye ndewe za masikio ana mikunjo, na nyuma ya sikio vishimo vidogo. Kitovu kimetoka na akilia kinavimba zaidi. Siku za mwanzo sukari yake ikawa inashuka, wakamtundikia dripu mpaka ikatulia.

Daktari aliyekuja na ujumbe wa madaktari wageni alimtazama akaniandikia kwenye kadi: Beckwith-Wiedemann. Akasema apigwe altrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi mitatu, na ulimi huenda ukapunguzwa kwa operesheni akishapita mwaka. Foleni ilikuwa ndefu, sikuwahi kumuuliza chochote.

Nina mambo manne yananikosesha usingizi. Kwanza, kweli ni sawa kusubiri mwaka mzima? Usiku anakoroma mpaka wenzake wanaamka. Pili, tatizo liko kinywani, tumbo linapimwa la nini? Kutoka hapa kwenda Chake na kurudi, kila miezi mitatu, na baba yake ni mvuvi, kuna miezi upepo ukikaza hatoki. Tatu, mavyaa, mama wa mume wangu, ameshikilia kuwa ni kimeo na mkataji yupo kijiji cha pili. Jirani naye anasema nilimcheka mtu nilipokuwa mja mzito. Nne, nimesikia kuna kipimo cha damu cha jeni kinachopelekwa nje ya nchi. Uwezo huo hatuna. Bila kipimo hicho ndiyo basi?

Watu wanaokuja kunipa hongera wanamwangalia mtoto, kisha wanaangaliana wao kwa wao. Naomba aliyelea mtoto kama huyu aniambie ukweli.

Ami wa Mkoani

Wa alaykum salaam mwanangu. Pole sana. Kwetu mtoto wa namna hii hukatwa kimeo, mjukuu wangu alikatwa na kikohozi kikakatika siku hiyo hiyo. Msikilize mavyaa wako, watu wazima wameona mengi. Na umsomee.

Bi Mkubwa, Makunduchi

Mwanangu, kabla ya yote uliza kama amepimwa tezi ya shingoni. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na ulimi mnene, kitovu kimetoka, analala sana, hata kulia kwake kuzito. Kumbe tezi haifanyi kazi. Alianzishiwa vidonge na ulimi ukarudi taratibu, sasa ni kijana. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Usikiache hata kama daktari ameshataja jina la ugonjwa mwengine, kwani tezi ikichelewa kutibiwa inadumaza akili.

Mshonaji wa Fuoni

Wa alaykum salaam warahmatullah, mdogo wangu. Ningetoa Wete nikaweka Fuoni, na mtoto wa kiume nikaweka wa kike, hii ingekuwa habari ya nyumbani kwangu. Binti yangu ana ugonjwa huu huu, jina hilo hilo, na sasa yuko skuli darasa la kwanza.

Nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linaloniogopesha. Ulimi kila mtu anauona. Ndio utakaosemwa sokoni na ndio utakaokuliza, kwa hiyo roho yako yote itahamia huko. Mimi nakuomba nusu ya roho uiache tumboni. Ugonjwa huu hukuza viungo kupita kipimo, na figo na ini vimo. Katika kukua huko, baadhi ya watoto hupata uvimbe wa saratani wangali wadogo: wa figo unaitwa uvimbe wa Wilms, wa ini unaitwa hepatoblastoma. Uvimbe wa Wilms mara nyingi hauumi. Mtoto anakula, anacheza, hana homa, na mama anakuja kuugusa siku anamkosha, umeshajaa ubavu mzima. Altrasaundi huuona ukiwa bado mdogo, na ukiwa mdogo matibabu yake yana matumaini makubwa. Unakua kwa kasi, ndiyo maana wakasema miezi mitatu, hawakusema mwaka. Mimi ni mshonaji, naishi kwa nguo za Idi, na bado nakwambia: nauli ya altrasaundi itoke kwanza, nguo za Idi zitafuata. Mwambie baba yake muwe mnaiweka kando kidogo kidogo, tangu siku mnayorudi kutoka kwenye kipimo kilichopita.

Sasa ulimi. Kusubiri ni sawa kwa mtoto anayepumua vizuri na ambaye uzito unapanda. Kwa mwengine si sawa. Kwa hiyo usihesabu miezi, mtazame akiwa usingizini. Mvue shati, uwashe taa. Akivuta pumzi, je, ngozi ya katikati ya mbavu na chini ya shingo inaingia ndani? Anakoroma, kisha ananyamaza kimya kabisa, halafu anashtuka na kukoroma tena? Anatokwa jasho kichwani hali ya kuwa hakuna joto? Mrekodi kwa simu. Ukienda kliniki mchana mtoto ameamka na anacheka, daktari ataona mtoto mzima. Video ndiyo itakayomwambia. Binti yangu alipata nafasi ya haraka kwa sababu ya video, si kwa maneno yangu.

Kunyonya: mimi nilikaa wima na yeye nikamweka karibu wima, nikampa kidogo kidogo mara nyingi. Akichoka nikakamua nikampa kwa kijiko. Kulala, daktari wetu alituelekeza awe ubavuni nami nikiwa macho karibu yake, kwani akilala chali ulimi ulikuwa unarudi nyuma na kuziba. Wewe muulize wa kwako, kila mtoto na koo lake. Kaskazi ikivuma ule ulimi ulioko nje hukauka ukapasuka na kutoa damu. Nilikuwa nauchovya kwa kitambaa laini na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mate ni mengi, usipoangalia shingo inachubuka. Nilimshonea vitambaa vya shingoni kwa vipande vya kanga kuukuu, vinanyonya vizuri kuliko vile vya dukani, na nikavifananisha na kila nguo yake. Watu wakaanza kusifu vitambaa badala ya kuuliza ulimi.

Operesheni yetu ilifanyika Dar es Salaam alipokaribia miaka miwili. Wanakata kipande sehemu ya mbele kisha wanashona ili ulimi upungue urefu na upana. Jiandae kwa siku za mwanzo baada ya hapo, hizo ndizo ngumu: ulimi huvimba kabla ya kupungua, kwa hiyo alikaa chumba cha uangalizi na mpira wa maziwa puani, na mimi nikimwangalia kupitia kioo. Uvimbe ukashuka. Uzi unayeyuka wenyewe. Ladha ipo, anatambua pilipili na ndimu vizuri kabisa, hilo lilikuwa hofu ya bibi yake.

Kusema alichelewa kidogo. Herufi za t, d, n, l na s zilimtaabisha, maana ncha ya ulimi inatakiwa ipande nyuma ya meno, na ya kwake ilizoea kulala chini. Lakini alipoanza chuo, zile herufi za Kur'ani zinazotaka ulimi utokeze baina ya meno, tha na dhali, alizitoa kabla ya wenzake wote, na mwalimu wake akamfanya awaoneshe wengine. Nyumbani nilikuwa nampaka tone la asali nyuma ya meno ya juu alifuate kwa ncha ya ulimi, mbele ya kioo. (Hii ni ya mtoto aliyepita mwaka mmoja. Wa kwako asilambishwe asali hata kidogo, hata akija mtu nayo kwa nia njema.) Meno yake ya mbele ya juu na ya chini bado hayakutani vizuri na taya la chini limetangulia kidogo, hilo tunalifuatilia kwa daktari wa meno.

Kitu kimoja ambacho hukukitaja: mlaze ukapime miguu na mikono. Wa kwangu mguu wa kulia ni mnene na mrefu kuliko wa kushoto. Nikienda Darajani nanunua jozi mbili za viatu, saizi mbili. Na wa kwako ukiona upande mmoja umezidi, mwambie daktari, ni katika dalili.

Akili ya binti yangu ni timamu, anasoma, anahesabu, anabishana. Ukubwa nao hupungua kasi mtoto akikua, hawi jitu. Kinachoweza kudhuru ubongo ni sukari kushuka sana bila kutibiwa, hivyo ukimwona anatetemeka, anatoka jasho baridi, amelegea, anakataa kunyonya au amepata degedege, usingoje asubuhi na usianze na kombe. Hospitali kwanza, dua unaisoma njiani.

Na la kumcheka mtu liondoe moyoni. Hukumfanyia mwanao lolote.

Muuguzi wa watoto, Chake

Assalaam alaykum. Nafanya kazi wodi ya watoto hapa Chake Chake. Dada wa Fuoni amesema mengi yaliyo sahihi, nitaongeza pale ambapo mama ameuliza na bado hajajibiwa.

Ami yangu, kwa heshima zote, la kimeo tulizuie. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa kooni. Ulimi ni msuli mwengine, na kukata kimeo hakuupunguzi hata kidogo. Mtoto huyu njia yake ya hewa imeshabanwa. Akikatwa kule nyuma, damu ikashuka na koo likavimba, hana pa kupitishia pumzi, na yuko kijijini usiku. Bado sijasema pepopunda na maambukizo ya wembe. Tumewahi kupokea watoto wazima waliokatwa kimeo wakatuletea kazi kubwa, sembuse huyu. Kuna na wale wanaokata uzi wa chini ya ulimi: nao wasimguse. Uzi hukatwa kwa mtoto ambaye ulimi wake umefungika, na wa huyu umezidi. Mama, mwambie mavyaa wako kwa upole kwamba wodi ya watoto imekataza, ili lawama iwe juu yetu na isiwe juu yako nyumbani.

Kuhusu kipimo cha jeni. Mwaka 2018 madaktari wa nchi mbalimbali walichapisha makubaliano ya kutambua ugonjwa huu kwa alama. Dalili kubwa zina alama 2 kila moja: ulimi mkubwa, matumbo kutokea kitovuni wakati wa kuzaliwa, upande mmoja wa mwili kuzidi mwengine, na nyengine chache. Dalili ndogo zina alama 1. Akifika alama 4 anahesabiwa anao, hata kama jeni hazijapimwa au kipimo hakikuonesha kitu. Sasa tumhesabu wa kwako kwa ulichoandika: ulimi 2, uzito wa kuzaliwa 1, mikunjo na vishimo vya masikio 1, sukari kushuka siku za mwanzo 1, ngiri ya kitovu 1. Hizo ni 6. Kwa hiyo, mama, kutokuwa na kipimo cha nje hakukuzuii kuanza chochote. Kipimo kina faida moja kubwa, kinaonesha aina, na aina nyengine zina hatari ndogo ya uvimbe kuliko nyengine. Kwa ujumla wao, takriban watoto 8 katika 100 hupata uvimbe, na walio wengi hawapati. Kwa kuwa ya mwanao hatuijui, tunamfuatilia kama mwenye hatari: altrasaundi ya tumbo lote kila miezi mitatu mpaka afikishe miaka 7. Baadhi ya madaktari huongeza kipimo cha damu cha alfafetoproteini miaka ya mwanzo kwa ajili ya ini. Kikipatikana ni kheri, kisipopatikana altrasaundi isisimame kwa sababu yake.

Bi Mkubwa wa Makunduchi yuko sawa, tezi ipimwe.

Sasa sababu. Sote tuna nakala mbili za kromosomu namba 11, moja ya baba na moja ya mama. Katika kipande kimoja cha kromosomu hiyo, jeni ya kukuza mwili iitwayo IGF2 inatakiwa ifanye kazi kwenye nakala ya baba peke yake, na jeni ya kuzuia iitwayo CDKN1C ifanye kazi kwenye nakala ya mama. Juu ya kipande hicho kuna alama (si zile za kuhesabu dalili) zinazowasha hii na kuzima ile. Alama hizo zikivurugika mimba ikiwa changa kabisa, gari linabaki na mafuta mengi na breki kidogo. Hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 10,000 na zaidi, Ulaya, Marekani, kila mahali. Jina lenyewe ni la madaktari wawili, Beckwith wa Marekani na Wiedemann wa Ujerumani, walioueleza kila mmoja kwake mwaka 1963 na 1964. Takriban watoto 85 katika 100 wenye ugonjwa huu hakuna mwengine katika ukoo mwenye nao. Chakula ulichokula, mtu uliyemwona, uliyecheka naye au uliyegombana naye hakiingii humu.

Mama, ile video usiingoje kesho. Mrekodi usiku wa leo.

Mama Kichanga, Wete

Allah awalipe nyote. Nimemvua shati nikamrekodi kama dada alivyoelekeza. Pale chini ya shingo panaingia ndani, na kuna mahali ananyamaza. Nilikuwa nikidhani ndiyo amepata usingizi mzuri. Nimempa mavyaa aangalie na akasoma pia ya kimeo. Alikaa muda, akaniambia nimfungie mtoto vitu.

Ami, nimekuelewa umesema kwa kutupenda, usione vibaya.

Ami wa Mkoani

Hapana ubaya mwanangu. Niliyoyasema niliyaona kwa mjukuu wangu, na huyu si kama yule. Nenda hospitali. Na gari za Chake zikikupa tabu nijuze, nina kijana anaendesha njia hiyo.

Muuguzi wa watoto, Chake

Hiyo kunyamaza ni pumzi kusimama. Njoo asubuhi na mapema, uje na kadi yake ya kliniki na simu yenye video, na umnyonyeshe njiani asije na njaa. Ukifika wodini waambie mtoto anasimama pumzi usingizini, sema hivyo hivyo mlangoni, usikae foleni ya mafua.

Mama Kichanga, Wete

Tuko Chake, tumelazwa. Usiku wamemfunga ile mashine ya kidoleni na oksijeni inashuka akilala chali, akigeuzwa ubavu inapanda. Damu ya tezi imechukuliwa. Altrasaundi imefanyika: figo zote mbili ni kubwa kuliko umri wake, uvimbe hakuna, alhamdulillah. Wanaandika rufaa ya Unguja, na wanasema wakubwa wa huko ndio wataamua kama apelekwe Dar na kama ulimi upunguzwe sasa bila kungoja mwaka. Mavyaa amebaki na wakubwa zake. Sijawahi kupanda boti na mtoto mgonjwa, na naogopa hiyo nusu kaputi kuliko kisu chenyewe.

Mshonaji wa Fuoni

Kuogopa kwako kuna sababu, na dawa yake ni kusema. Kabla ya operesheni yoyote, hata ya kitovu, mtafute mtu wa nusu kaputi mwenyewe, si daktari wa upasuaji tu, umwambie mambo mawili. La kwanza, mtoto huyu ulimi ni mkubwa na pumzi husimama usingizini, kwa hiyo kumwekea mpira wa hewa kunaweza kuwa kazi na wajiandae kabla hajalala. La pili, sukari yake imewahi kushuka, kwa hiyo wakimfungisha kunyonya wamtundikie dripu ya sukari na wampime. Sisi tuliomba awe wa kwanza asubuhi ili asikae na njaa, na walikubali.

Botini kaa ndani katikati, si juu kwenye jua, umshike wima kifuani, na uchukue kitambaa cha ulimi na maji yake kwenye chupa. Muombe muuguzi akuandikie kwenye kadi tarehe ya altrasaundi ijayo, miezi mitatu kutoka leo, ili hata mkiwa Dar iko mkononi na hakuna atakayesema ilishafanyika Pemba. Mkifika bandarini Malindi nipigie, namba nimekutumia kwenye ujumbe wa siri. Nitakuja na vitambaa vya shingoni, vya kanga, vya mvulana.